Huruma na Ruhusa

Msomaji, viko vitabu vidogo ambavyo kazi yake duniani imekuwa kubwa kuliko kazi ya majeshi. Kimoja katika hivyo ni kitabu cha Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva katika nchi ya Uswisi, alichokipiga chapa kwa fedha zake mwenyewe katika mwaka 1862, akakiita kwa Kifaransa Kumbukumbu ya Solferino. Nakala zake za kwanza zilikuwa 1,600 tu, wala hazikukusudiwa kuuzwa, bali kugawiwa watu wenye mamlaka na sauti katika Ulaya ya zama zile. Haikupita miaka miwili, tarehe 22 Agosti 1864, serikali 12 zikatia sahihi Mkataba wa Geneva wa kuwahifadhi askari waliojeruhiwa vitani. Kutokana na kitabu hicho ndipo ilipozaliwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu.

Kitabu chenye matunda kama hayo chastahili heshima. Walakini heshima ya kitabu si kusifiwa tu. Ni kusomwa kwa makini na kuulizwa maswali, hata yale ambayo mwandishi mwenyewe hakujiuliza. Hilo ndilo ninalokuomba tulifanye pamoja katika kurasa hizi.

Habari zenyewe ni hizi. Tarehe 24 Juni 1859, karibu na kijiji cha Solferino kaskazini mwa Italia, majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipambana na jeshi la Austria. Askari wapatao 300,000 walikutana siku ile, na jua lilipotua makumi ya maelfu walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Dunant hakwenda kutazama vita. Alikuwa safarini kumtafuta Napoleon III, Kaisari wa Wafaransa, amsaidie katika shughuli zake za biashara nchini Aljeria. Alipofika mji wa Castiglione alikuta majeruhi wamelazwa makanisani, majumbani na barabarani, na waganga ni wachache mno. Akaisahau safari yake, akaanza kutafuta maji, vitambaa na watu wa kumsaidia. Wanawake wa mji ule wakawaosha Waaustria vidonda kama walivyowaosha Wafaransa, pasipo kuuliza nani alikuja kama rafiki na nani kama adui.

Ubora wa kitabu hiki ni wa namna mbili. Kwanza, mwandishi hakubali majeruhi wabaki kuwa hesabu. Anatuonyesha mtu mmoja mmoja, na kiu yake, na homa yake, na jina la mama yake midomoni. Msomaji aliyezoea habari za vita zinazosimulia ushindi wa majemadari anashuka ghafula mpaka kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni. Pili, kitabu hakiishi kwa machozi. Kinatoa shauri: wakati wa amani viundwe vyama vya watu wa kujitolea, nao wafundishwe kazi ya kuwauguza majeruhi, na mataifa yapatane kuwaheshimu. Waandishi wengi wametuhuzunisha. Wachache wametupa kazi ya kufanya baada ya huzuni.

Sasa natutazame upungufu wake. Huko Castiglione mapambano yalikuwa yamekwisha kupita. Askari aliyelala sakafuni hakuwa tena na silaha, na kitambaa alichofungwa hakikumwongezea jemadari yeyote nguvu za kupigana. Kuwahurumia wote pasipo kuegemea upande hakukuwa na gharama kubwa mahali pale. Lakini limo jambo dogo katika habari za siku zile ambalo msomaji hulipita upesi. Wafaransa walikuwa wamewateka waganga wa Kiaustria. Dunant aliomba waachiliwe wapate kuwatibu majeruhi, na ombi lake likakubaliwa. Tunafurahi, tunafunua ukurasa. Nasema tusifunue bado. Huruma ilipotaka kutenda kazi, ililazimika kwanza kwenda kwa mwenye nguvu kuomba ruhusa. Je, angalikataa? Kitabu hakiulizi, na miaka zaidi ya 150 iliyofuata imekuwa ikiuliza swali hilo hilo.

Kabla ya kuendelea, yatupasa tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Katika mwaka 1965, mjini Vienna, jamii za Msalaba Mwekundu zilitangaza misingi yao saba. Mmoja katika hiyo ni kutobagua: yaani mhitaji apewe kwa kadiri ya haja yake, si kwa taifa, rangi, dini wala siasa yake. Mwingine ni kutoegemea upande: yaani msaidizi asishiriki katika vita wala katika ugomvi unaovileta. Wa kwanza wahusu mkono unaotoa. Wa pili wahusu hasa ulimi unaonyamaza. Sababu ya kunyamaza ni njema. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na anayetaka kumfikia majeruhi hana budi kupita penye vizuizi vya askari, nao askari hawampishi mtu wanayemdhania kuwa adui. Basi kutobagua ni lengo, na kutoegemea upande ni njia ya kulifikilia. Yatukumbushe hayo tunapotazama mifano mitatu ifuatayo.

Mfano wa kwanza watoka Geneva kwenyewe. Tarehe 14 Oktoba 1942, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa walikutana kuamua kama watoe tamko la hadhara juu ya maovu waliyokuwa wakitendewa raia katika vita vile. Habari za Wayahudi kuchukuliwa makwao na kuuawa zilikuwa zimekwisha kuwafikia. Wengi wa wajumbe mwanzoni waliliona tamko kuwa jambo la haki. Philipp Etter, aliyekuwa mjumbe wa Kamati na wakati huo huo Rais wa Uswisi, alilipinga, na mwisho wa mkutano tamko halikutolewa. Hoja haikuwa ya kipumbavu. Mikataba ya wakati ule iliwahifadhi askari waliotekwa, haikuwahifadhi raia. Na Kamati iliogopa kwamba ikisema, milango ya makambi ya mateka, iliyokuwa wazi kwake, ingefungwa. Hata hivyo waliouawa waliendelea kuuawa, na Kamati yenyewe baadaye imekiri kwamba ilishindwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya kile ungali wasikika.

Mfano wa pili uko nyumbani kwetu. Huko Turkana, karibu na mpaka wa kaskazini, uko mji mdogo wa Lokichoggio. Tangu mwaka 1987 hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Lopiding iliwapokea hapo majeruhi wa vita vya Sudan. Katika mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipatana na serikali ya Sudan na waasi wa SPLA kwamba chakula na dawa viwafikie raia wa pande zote mbili, ingawa vita vinaendelea. Ndege zikawa zikiruka kutoka Lokichoggio na kudondosha magunia ya nafaka mahali pasipo na barabara. Lilikuwa jambo kubwa, nalo liliokoa watu wengi. Lakini viwanja vya kutua ndege vilipaswa kukubaliwa kwanza na Khartoum. Mwezi wa Februari 1998, watu wa Bahr el Ghazal walipokuwa wamekwisha kudhoofishwa na ukame na mashambulio, serikali ilizuia ndege zisiende huko. Zuio liliporegezwa, njaa ilikuwa imekwisha kuota mizizi, na watu makumi ya maelfu wakafa mwaka ule. Tena chakula kilipowafikia watu, upande wa waasi nao ulijikatia sehemu yake. Hapa ndipo Solferino inapopinduka. Kitambaa cha jeraha hakiwezi kugeuzwa silaha, lakini gunia la mtama laweza: mmoja hulizuia, mwingine hulitwaa, na kila mmoja huliona kuwa ni sehemu ya vita vyake.

Mfano wa tatu ni mchungu kuliko yote. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, yaliyoanza Aprili 1994, watu wapatao milioni moja walivuka mpaka Julai mwaka ule wakaingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire. Kipindupindu kikawaangukia, na maelfu kwa maelfu wakazikwa katika majuma machache. Mashirika ya misaada yalikimbilia huko, na nani angeyalaumu? Lakini ndani ya makambi yale mlikuwamo pia viongozi wa mauaji, askari wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe. Wao ndio walioshika ugawaji wa chakula, wakawatawala wakimbizi kwa vitisho, na kwa mali iliyotokana na misaada wakajiandaa kurudi vitani. Kumlisha mtoto mwenye njaa kukawa wakati huo huo ni kumlisha aliyewaua watoto wa wengine. Mwezi wa Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika makambi hayo. Mashirika mengine mengi yalibaki, yakisema kwamba wagonjwa hawawezi kuachwa kwa ajili ya dhambi za wakubwa wao. Mimi siwezi kuwacheka walioondoka, wala siwezi kuwatukana waliobaki.

Huenda sasa unasema moyoni: basi jawabu ni jepesi, msaidizi na aseme kweli daima. Laiti ingalikuwa hivyo! Madaktari wale, ambao chama chao kiliundwa mwaka 1971 na watu waliochoka na kimya, walisema kweli huko Ethiopia. Walitangaza kwamba watu walikuwa wakihamishwa kwa nguvu kutoka makwao, na kwamba misaada ilitumiwa kuwavuta. Mwezi wa Desemba 1985 tawi lao la Ufaransa likafukuzwa nchini. Waliosema walipanda ndege wakaenda zao. Wagonjwa wao hawakuwa na ndege ya kupanda. Kweli ina bei, na aghalabu hailipwi na msemaji.

Turejee basi kwenye kitabu chetu tukitolee hukumu. Kosa la Dunant si kwamba alihubiri huruma kwa wote. Katika hilo alikuwa sahihi, na wanawake wa Castiglione walikuwa sahihi kabla yake. Upungufu wake ni kuamini kwamba mwenye nguvu, akionyeshwa mateso, hataizuia huruma. Aliandika akiwafikiria wafalme wanaoweza kuona haya. Sisi tumeishi kuona watawala wanaoyatazama mateso kama chombo cha vita. Na kosa la waliomfuata, kila walipokosea, lilikuwa kuigeuza njia ikawa lengo: wakailinda sifa yao ya kutoegemea upande hata pale ambapo sifa hiyo haikuwafikisha tena kwa mhitaji.

Kutoegemea upande ni ufunguo. Ufunguo unaofungua mlango wa majeruhi tuutunze, hata kama unatutaka tuuzuie ulimi. Lakini mlango ukiisha kufungwa kwa komeo kutoka ndani, au nyumba ikiwa imegeuzwa ghala la wauaji, haitufai kuusugua ufunguo ung'are na kujisifu kwamba tunao. Mwaka 1942 waliutunza kwa ajili ya mlango mmoja, na mbele ya mlango wa pili hawakupiga hata hodi.

Ndugu msomaji, nchi yetu ina makambi ya Kakuma na Dadaab, na yamkini baadhi yenu mnaosoma kurasa hizi mmeketi dawati moja na mtu aliyeokolewa na gunia lililodondoshwa kutoka angani. Muulizeni, naye atawaambia kwamba aliye na njaa hauulizi unga siasa yake. Siku moja baadhi yenu mtakuwa wauguzi, madereva wa malori ya chakula, au maofisa wenye kutia sahihi karatasi za ruhusa. Mtakapoambiwa kwamba kimya kinatakiwa ili kazi iendelee, msikatae kwa hasira wala msikubali kwa uvivu. Ulizeni: kwa kimya hiki ni nani anayepona, na ni nani anayekufa? Kisha kisomeni tena kitabu cha Solferino. Mtakiona bado ni kitabu kizuri, na mtajua pia mahali pale kilipokomea.