Milimita Mbili za Chuma

Huku kwetu Kivu, Kongo, Butembo iko juu, Beni iko chini. Kati ya miji hiyo kuna kilomita 54 za kupanda na kushuka, na ukifika Beni umeteremka mita 500 na zaidi. Gari dogo lenye watu watano na mizigo yao lina uzito wa kilo 1,500 hivi. Kulishusha gari hilo mita 500 hutoa joto linalotosha kuchemsha bidoni nzima ya lita 20 za maji baridi. Sehemu ya joto hilo hubebwa na injini, kama shofere ana akili ya kushuka na gia ndogo. Sehemu nyingine huenda na upepo. Linalobaki humezwa na breki, hasa na sahani mbili za chuma zilizofichwa nyuma ya magurudumu ya mbele, upana wake shibiri moja na kidogo. Ndizo diski.

Tukisifu mafundi huku kwetu, tunamsifu wa injini. Gari lililokufa wiki tatu linanguruma tena na majirani wote wanatoka kutazama. Fundi wa breki anamrudishia mwenye gari jambo ambalo mwenyewe alidhani analo tayari, yaani gari linalosimama. Nani atamshukuru kwa hilo? Hata malipo yake yanabishaniwa: "Si ni kufungua nati tu na kufunga?" Insha hii ni ya kumtetea mtu huyo, kwa sababu sehemu kubwa ya ufundi wake haiko katika kufungua wala kufunga.

Magari yetu ni ya umri. Yametumika Japani kwanza, yakapita bandari ya Mombasa, yakavuka Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi, mengine yakiwa bado na usukani upande wa kulia katika nchi inayoendesha kulia. Yakifika, diski zake zimekwisha kula nusu ya maisha yao kwenye lami ya watu wengine. Nusu iliyobaki zinaimaliza kwetu, kwenye vumbi la kiangazi linalosaga kama msasa na tope la masika linalokauka kwenye etrie, kile kifaa kinachoibana diski, hadi pini zake zinagoma kuteleza. Gari linalopanda hadi Kipese, katika vilima vya Lubero ambako viazi na kabichi hutoka kuja kulisha miji, halihesabu breki kwa kilomita. Linazihesabu kwa miteremko.

Diski ya mbele ikiwa mpya, na ikiwa ya aina ile yenye matundu ya kupitisha hewa katikati, kwa magari mengi madogo inazidi ile ya kutupwa kwa milimita mbili tu. Mbili! Maisha yote ya kipande hicho cha chuma yamo humo, milimita moja kila upande. Kiwanda huandika kiwango cha mwisho kwenye diski yenyewe, kwa herufi ndogo ambazo kutu huzifunika mapema. Fundi asiyejua kazi hatafuti maandishi hayo. Anapitisha kidole ukingoni, anahisi unene, anasema bado nzima.

Ukingo ndio unaodanganya. Plaketi, au pedi kama wasemavyo watu wa Kampala, haigusi diski hadi pembeni kabisa, kwa hiyo pembeni hubaki mdomo mnene usioliwa, na ndani yake chuma kinazidi kuwa chembamba. Ukipima mdomo, umepima diski ya mwaka ilipotoka kiwandani. Fundi wa kweli huweka sarafu mbili za Uganda, moja kila upande, ndani ya mdomo ule, hubana zote kwa chombo chake cha kupimia, kisha huondoa unene wa sarafu. (Sarafu za Uganda kwa sababu Kongo yetu ni noti tupu. Shilingi za jirani zina kazi hata pale zisiponunua kitu.) Anasoma, anapiga hesabu, anamwita mwenye gari aje aone mwenyewe.

Hapo ndipo yanapoanza maneno.

"Weka plaketi tu, fundi. Hiyo ingine tutaona kesho."

"Papa, plaketi mpya juu ya diski hii, pesa yako itaenda mara mbili."

Kukataa huko namsifia kuliko nguvu ya mikono yake. Plaketi ni rahisi kubadilisha, mteja anaondoka amefurahi, na fundi amepata riziki ya siku. Lakini diski iliyochimbika mifereji huila plaketi mpya kwa haraka, na iliyopungua unene haina tena chuma cha kupokea joto. Inapata moto upesi, moto huo unapita kwenye plaketi na pistoni hadi kwenye mafuta ya breki, na mafuta hayo yana kiu ya maji. Huyanyonya kidogo kidogo kutoka hewani. Mafuta ya kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji ya kutosha, kiwango kinashuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyezeka, na pedali inakwenda hadi chini bila kukuta kitu. Wanaoshuka mteremko wa Kabasha, pale Kanyabayonga, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna neno jingine linalosemwa ovyo katika garaji zetu: usukani ukitikisika wakati wa kufunga breki, diski "imepinda". Mara nyingi haijapinda hata kidogo. Ama plaketi ya moto imeacha alama yake upande mmoja, gari liliposimama limekanyagwa breki baada ya kushuka kwa nguvu, ama diski imekaa vibaya kwenye kitovu cha gurudumu. Kipimo kinachokubaliwa na viwanda vingi cha kuyumba kwa diski ni kama sehemu tano za mia za milimita, pungufu ya unene wa unywele. Chembe ya kutu iliyobanwa kati ya diski na kitovu inatosha kukivuka, kwa sababu kosa dogo la katikati hukua likifika ukingoni. Mteja ananunua diski mpya, fundi wa haraka anaipachika juu ya kutu ileile, na baada ya miezi michache usukani unacheza tena. Wanamlaumu Mchina.

Kwa hiyo tazama mikono ya fundi mwenye subira baada ya diski ya zamani kutoka. Haendi kuchukua mpya. Anachukua brashi ya waya na kukaa chini. Anasugua uso wa kitovu, anazunguka kila msumari wa gurudumu, anaingia kwenye kona ambamo kutu imejenga kingo, anafuta kwa kitambaa, anapitisha kucha, anasugua tena. Dakika ishirini, nusu saa. Kijana anayejifunza kazi anasimama pembeni akishikilia diski mpya na kuchoka kabla ya bwana wake. Uso ule ukishafunikwa hakuna atakayeuona hadi diski nyingine iishe. Ukiniuliza kazi ya breki iko wapi, nitakuonyesha brashi hiyo.

Hata kuitoa diski ya zamani kunampambanua fundi. Kutu imeishikisha kwenye kitovu, na wengi wanaona dawa ni nyundo. Nyundo inatoa diski, kweli, lakini mapigo yake yanapita hadi kwenye beringi ya gurudumu, nayo italipiza baadaye. Toyota waliliona hili. Katika diski zao nyingi waliacha matundu mawili madogo yenye hesi, na watu hudhani ni urembo. Unaingiza bulone mbili za milimita 8, unakaza ya kulia nusu mzunguko, ya kushoto nusu mzunguko, unarudi kulia. Chuma kinalalamika. Kisha tak! Diski inaachia yenyewe, bila jeraha, na hata kijana aliyechoka anacheka.

Mengine nayapita haraka maana yanajulikana, ingawa hayafuatwi. Etrie haining'inizwi kwa mpira wake wa mafuta. Inafungwa kwa waya kwenye springi. Pini zake zinasafishwa na kupakwa grisi ya breki, si ile ya beringi. Diski hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto, au gari litavuta upande. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, nayo huoshwa kwa sabuni na maji na kukaushwa vizuri kabla ya kuguswa na plaketi. Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa: plaketi za zamani zilikuwa na asbesto, na huwezi kujua kwa macho zipi hazina.

Na kukereza? Mafundi wa mashine ya kukereza wanaweza kuinyoosha diski iliyochimbika hadi ing'ae, na ni kazi ya kupendeza kuitazama. Lakini mashine hainyooshi bila kuondoa chuma, na tumeshaona kuna milimita mbili tu za kuondoa. Diski nene inayotetemeka, ikerezwe. Iliyokaribia mwisho, kukereza ni kuimaliza kwa malipo. Wala mpya si lazima iwe bora kwa kuwa ni mpya; zinazofika kutoka Dubai na Guangzhou zina madaraja mengi ndani ya maboksi yanayofanana. Fundi huining'iniza kwenye kidole na kuigonga kwa spana. Nzima hulia kwa muda. Yenye ufa hukata sauti kama chungu kilichopasuka.

Uhitaji huu wa kusimama kwenye mteremko haukuanza na magari. Mwaka 1897, katika vilima vya Derbyshire kule Uingereza, Herbert Frood aliwaona wenye mikokoteni wakishusha mizigo kwa kubana magurudumu na viatu vikuukuu. Akaenda kutafuta kitu bora kuliko kiatu, na kampuni aliyoianzisha ndiyo Ferodo, jina ambalo bado limeandikwa kwenye maboksi ya plaketi. Miaka mitano baadaye, 1902, Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski. Plaketi zake zilikuwa za shaba na zilipiga kelele isiyovumilika. Dunia haikumsikiliza sana hadi Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 kwa breki za diski. Frood angekuja Kivu leo angejisikia nyumbani. Mwendesha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, akishuka na magunia ya viazi hukandamiza kwa mguu kipande cha tairi kuukuu kwenye gurudumu la nyuma, na anajua kwa harufu wakati wa kupumzika. Wenye magari wangejifunza kwake pua hiyo.

Mwaka 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua pale mpakani mradi wa kuweka lami Kasindi hadi Beni na Beni hadi Butembo. Kila anayeishi kwenye njia hii anaitaka lami hiyo, nami pia. Tope limetuibia siku nyingi mno. Ila hesabu ya breki haijali furaha yetu. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya kuzimwa mara nne ya lile la 40, si mara mbili. Barabara mbovu ilikuwa inatunza diski kwa kutulazimisha kwenda polepole. Nzuri itamtuma shofere yuleyule, na diski zilezile, aende mbio.

Fundi akimaliza, usimwombe funguo papo hapo. Mwache aende na gari mahali patambarare, alifikishe kilomita 50 kwa saa, alipunguze hadi 10 bila kulisimamisha, arudie mara kadhaa, kisha aache breki zipoe. Hivyo plaketi na diski hupatana. Akirudi, muombe diski zako za zamani. Zigeuze, sugua kutu, tafuta ile namba, upime mwenyewe ndani ya mdomo. Usimwachie mtu atakayezirudisha sokoni. Na ukilipa, lipa pamoja na ile nusu saa ya brashi ya waya, hata kama hukuwepo kuiona.