Saada katika Utendi wa Fumo Liyongo

Uhakiki wa Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, aghalabu huupima ushujaa kwa kimo cha Liyongo, nguvu zake, na mwili usiodhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa kipimo hicho Saada, kijakazi wa mamake, huhesabiwa kuwa tarishi tu.

Utendi wenyewe hauungi mkono hesabu hiyo. Liyongo yumo gerezani, kafungwa, na nguvu zake hazimfai kitu. Saada ndiye aendaye na kurudi na chakula, akinyang'anywa kilicho kizuri na walinzi. Ndiye apokeaye ujumbe wa fumbo, akaufikisha kwa mama, kisha akarejea na mkate wa wishwa wenye tupa ndani na kupita mbele ya walinzi wale wale. Wao waudharau mkate pamoja na aliyeubeba. Dharau hiyo, ajabu, wahakiki wameirithi. Minyororo hukatwa katika shangwe za gungu, na sifa zote humwendea mkataji.

Lakini Liyongo alikwisha hukumiwa kufa, hana la kupoteza. Saada, lau tupa ingalionekana, angaliponea wapi?