Maji Yanayopewa Muda

Mji wa Moshi umeelemea kusini, na majitaka ya nyumba zilizounganishwa kwenye mtandao wa mamlaka ya maji, MUWSA, hushuka kwa mteremko huohuo hadi mabwawa ya Mabogini. Ukifika pale hutaona kitu cha kupigia picha. Utaona maji ya kijani yametulia, tuta, kisha maji mengine ya kijani. Kazi yenyewe haionekani kwa macho, na ndiyo maana nawaheshimu watu wanaoijua.

Profesa Karoli Njau ni mmoja wao. Alikuwa katika kundi la watafiti wa mabwawa ya majitaka na ardhioevu za kujengwa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaendelea katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Mwaka 2014, yeye na wenzake Jacob Kihila na Kelvin Mtei walichapisha utafiti kuhusu Moshi hasa: namna majitaka yaliyosafishwa yanavyoweza kurudi shambani.

Mabwawa ya aina hii hufuatana kwa mpango. La kwanza lina kina cha mita mbili hadi tano. Mle gizani, bakteria wasiotaka oksijeni huvunjavunja uchafu mzito na kutoa gesi ya methani. La pili lina kina kifupi zaidi, na humo mwani na bakteria hulishana: mwani hutumia jua kutengeneza oksijeni, bakteria huivuta na kuurudishia mwani hewa ya ukaa. Adhuhuri, mwani ukiwa umekolea kazini, ualikali wa maji hupanda hadi vijidudu vingi vya kuharisha vikashindwa kuishi. Katika mabwawa ya mwisho, jua hupenya vizuri. Wakati wote huo mayai ya minyoo, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, yanatuama taratibu.

Ufundi uko kwenye kujua maji yakae siku ngapi kila mahali. Ukiyaharakisha, mayai ya minyoo yatafika kwenye majaruba ya mpunga. Ukiyachelewesha kupita kiasi, umekula ardhi ambayo mtu angelima. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1989: maji ya kumwagilia yasizidi yai moja la minyoo kwa lita. Wali hupikwa, lakini mkulima wa mpunga hushinda peku ndani ya tope, kwa hiyo kipimo hicho kinalinda miguu na matumbo ya watu wa Mabogini. Hata maabara haikubali pupa: ili kujua uchafu uliomo utameza oksijeni kiasi gani, sampuli hufungiwa kwenye chupa, kwa nyuzi 20, siku tano kamili. Hakuna njia ya mkato ambayo mtafiti makini ataiamini bila kuilinganisha na chupa hiyo.

Na kwa nini mkulima ayatake maji hayo? Kwa sababu maji ya Mlima Kilimanjaro hayatoshi. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, unategemea mito ya Rau na Njoro, na wa juu wakishachota, wa chini hubanwa. Majitaka ya mji hayakauki kiangazi. Tena yana naitrojeni na fosforasi, mbolea ambayo mkulima angeinunua dukani. Lakini naitrojeni ikizidi, mpunga hurefuka kwa majani na kulala kabla ya kukomaa, kwa hiyo kumpa mkulima maji pasipo kumpa vipimo ni kumwachia kazi nusu.

Njia nyingine ya kusafisha majitaka ni ardhioevu za kujengwa, eneo ambalo Njau amelifanyia kazi miaka mingi: maji hupita ndani ya kokoto zilizopandwa matete, yasionekane juu, mbu wakose pa kutagia. Mizizi huwapa vijidudu makazi. Tabaka la kokoto la sentimita 60 hivi linatosha, ila mteremko wake lazima uwe mdogo na sahihi, maana ukikosea maji huchagua njia moja na matete mengine yakabaki kama pambo.

Sasa rudi kwenye lile bwawa la kwanza. Methani inayotoka pale ni nishati inayopaa bure. Njau na wenzake walilishughulikia jambo hilo Arusha, katika kiwanda cha mvinyo wa ndizi cha Banana Investments, chini ya mpango wa Bio-Innovate: majitaka ya kiwanda huingia kwanza kwenye mtambo uliofungwa, bakteria walewale wa gizani hufanya kazi ileile, gesi ikakusanywa, na maji yaliyobaki yakamaliziwa kwenye matete. Naona hapo ndipo mchango wa mtafiti huyu unapokamilika, kwa kuwa mwenye kiwanda anayepata gesi ana sababu yake mwenyewe ya kuutunza mtambo, mkaguzi aje asije.

Mlimani Kilimanjaro, baadhi ya Wachaga wameshaizoea biogesi ya ng'ombe wa ndani, na tope lake wanalimwaga kwenye migomba ya kihambani. Kilichobaki mlimani ni maji ya kumenyea kahawa. Ute wa kahawa mbivu una sukari tele, na ukimwagwa mtoni wakati wa msimu huunyima mto oksijeni. Ugumu ni kwamba msimu ni wa miezi michache, nao bakteria wanataka kula mwaka mzima. Kuwatafutia chakula cha miezi iliyobaki, labda samadi ya ng'ombe walewale, ni kazi inayomsubiri kijana wa maabara mwenye subira ya siku tano.