Katuni ya Akili: iingie kwenye kamusi elezo au tuiache?



Wiki iliyopita bwana mmoja tunayeheshimiana sana, mtu wa isimu, alinipigia simu kunishauri niachane na jambo aliloliita la kitoto. Nilikuwa nimemdokeza kwamba naandaa makala ya Kiswahili ya Wikipedia kuhusu katuni iitwayo Akili and Me. Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee mwenzangu, kamusi elezo si chumba cha kuchezea watoto. Hiyo katuni nani anaijua? Andika habari za Kezilahabi." Nikamjibu kwamba Kezilahabi ana watu wa kumwandikia. Yeye hakuridhika, na mie jibu langu mwenyewe halikuniridhisha, ndiyo maana nimekaa leo nilieleze vizuri.

Kwa wale ambao hawana mtoto mdogo ndani ya nyumba: Akili ni mtoto wa kike wa miaka minne anayekaa na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila akilala usiku anaingia katika nchi iitwayo Lala Land, ambako ana marafiki wanyama, na huko hujifunza herufi, namba, kuchora, na pia namna ya kukaa na hasira au woga wake. Watengenezaji ni Ubongo, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ambayo kazi yake ya kwanza, Ubongo Kids, ilianza kuonyeshwa TBC1 Januari 2014. Ile ni ya watoto wa shule ya msingi, mambo ya hesabu na sayansi. Hii ya Akili ni ya wale wa chekechea.

Sasa tuje kwenye shtaka. Kanuni ya Wikipedia, tukiacha maneno mengi, inauliza hivi: je, watu wasiohusika na kitu hicho wamekiandika kwa kina, mahali panapoaminika? Kanuni si mbaya. Bila hiyo kila mwenye duka la simu angejiandikia makala na kujiita gwiji. Lakini ukiileta kwenye kazi za watoto za Kiswahili inagonga ukuta, kwa sababu magazeti yetu huandika kipindi kimezinduliwa lini na mgeni rasmi alikuwa nani, basi. Mtu wa kukaa akaangalia vipindi kumi, akasema huyu mhusika kachorwa vizuri, wimbo huu umelegea, mzaha huu haueleweki, mtu huyo hatunaye. Na tusiwasingizie waandishi wa habari peke yao. Sisi wenye shahada tumeandika juu ya Shaaban Robert mpaka wino umekauka, lakini katuni ambayo mtoto anaitazama mara mia kabla hajajua kusoma hatujaigusa. Halafu tunageuka kusema eti haina vyanzo. Hivi vyanzo angeviandika nani?

Waliofika ni watafiti wa nje, nao walikuja na rula. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti juu ya Kilimani Sesame, ndugu yake Sesame Street aliyetengenezwa kwa ajili ya Tanzania. Mwaka 2018 Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland, ambaye alishiriki pia katika ule wa kwanza, akachapisha mwingine kuhusu Akili and Me, uliofanywa na watoto wa Morogoro. Waliotazama Akili waliwapita wenzao katika kuchora, kutambua maumbo na namba, kuhesabu, na Kiingereza. Kwa hiyo kwa kanuni ile ile aliyonipigia nayo simu yule bwana, Akili inapita: imeandikwa kwa kina, na mtu asiye wa Ubongo. Hapo kesi ingeweza kufungwa.

Mie siifungi hapo, maana utafiti wa namna hiyo unakuambia mtoto amejua namba ngapi, haukuambii katuni yenyewe ikoje. Na Akili ina mambo ambayo msomaji wa Kiswahili tu ndiye anayeweza kuyaandika. Chukua hilo jina Lala Land. Mtoto wa Kiingereza anasikia nchi ya kufikirika, mahali pa watu wenye vichwa mawinguni. Mtoto wa Kiswahili anasikia amri ya mama yake: lala! Mzaha uko katikati ya lugha mbili, na ukiwa na moja unapata nusu yake. Mjukuu wangu hapa Garland ana miaka sita, anaangalia toleo la Kiingereza. Alipouliza Lala Land iko wapi, kaka yake wa miaka 13 akamwambia bila kuinua macho kwenye simu kwamba ni Los Angeles. Ndiyo Kiswahili kinavyotutoka, jamani, taratibu, sebuleni, na hakuna aliyekosea.

Au hilo jina Akili. Tunasema akili nywele, kila mtu ana zake. Kuita mtoto Akili halafu kuongeza "and Me" ni kumwambia mtazamaji: akili yako na wewe mwenyewe, mkae pamoja. Ni jina zuri kuliko linavyoonekana. Lakini pia hapo ndipo nina ugomvi nalo. Kwa nini nusu ya jina iwe ya Kiingereza? Jibu liko kwenye ule utafiti, maana Kiingereza ni miongoni mwa vitu vilivyopimwa. Hii ni katuni ya Kitanzania ambayo sehemu ya kazi yake ni kumwandaa mtoto kwa lugha nyingine. Siwalaumu, wazazi wanalitaka hilo na soko linalitaka. Ila makala nzuri italisema wazi, haitaishia kuimba sifa.

Linganisha na Tinga Tinga Tales, ambayo hakuna aliyewahi kunipigia simu kuilalamikia. Ilitengenezwa Nairobi na Homeboyz pamoja na Tiger Aspect ya Uingereza, ikaonyeshwa CBeebies mwaka 2010, kisha Disney ikaileta huku Marekani. Mtindo wa picha ni wa Edward Saidi Tingatinga, aliyechora Dar es Salaam kwa rangi za mafuta juu ya vibao mpaka alipofariki mwaka 1972. Hiyo "inajulikana". Inajulikana kwa sababu ilipita London.

Na hapa Garland tuna mfano mlangoni. Mike Judge aliwahi kuishi mji huu, na Arlen, mji wa kubuni wa katuni yake King of the Hill, umechanganywa kutokana na vitongoji vya huku, Garland na Richardson vikiwemo. Baadhi ya vipindi vya katuni hiyo vina makala yake kwa Kiingereza, kipindi kimoja makala moja. Mzee anauza gesi ya kupikia, anakunywa bia uchochoroni na majirani, dunia nzima inasomewa habari zake.

Hata hivyo sisemi tufungue mlango kila kitu kiingie. Zile filamu fupi zilizotoka katika mafunzo ya UNESCO ya Africa Animated! miaka ya 2000, nyingine za dakika chache tu, zinatosha kukaa pamoja ndani ya makala moja ya mafunzo hayo. Na katuni za YouTube zinazomwagika kila siku, wacha zisubiri. Ninachokichukia zaidi ni ile mbegu ya mistari mitatu: fulani ni katuni ya watoto kutoka nchi fulani, ilianza mwaka fulani. Makala kama hiyo mie mwenyewe nitapiga kura ifutwe, hata ikiwa ya Akili. Anayetaka kuandika aangalie kwanza.

Ndicho nilichomwambia yule bwana wa isimu. Jumamosi anakuja kwangu na mama watoto wake kula pilau, na nimeshamwonya kwamba rimoti itakuwa mikononi mwa mjukuu, toleo la Kiswahili.