Ubao Unapokubali Kupinda

Iweke mashua ya Mto McKenzie sakafuni, uitazame kwa ubavu. Inagusa chini katikati tu. Omo na tezi zote zimenyanyuka, kama kipande cha tikiti kilicholazwa kwa ganda. Aliyezoea vyombo vya pwani atautafuta mkuku asiuone. Chini ni bapa tupu, upana wa kama sentimita 120, na mbavu zimelala nje pande zote mbili, hata mdomo wa chombo ukawa mpana kuliko kitako chake. Kitie baharini siku ya kusi, upepo utakipeleka unakotaka wenyewe. Chombo hiki hakikufikiriwa kwa upepo. Kilifikiriwa kwa mawe.

Mto wenyewe uko Oregon, magharibi mwa Marekani. Unaanzia Clear Lake, ziwa lililozibwa na lava ya volkano takriban miaka 3,000 iliyopita, unashuka kutoka milima ya Cascade kwa kama kilomita 145, kisha unaingia Mto Willamette karibu na Eugene. Maji yake ni baridi na maangavu, na trauti wake hupenda kujibanza nyuma ya majabali, pale mkondo unapopoa. Ukiwa ukingoni huwafikii wengi. Ukiwa ndani ya mtumbwi unawapita kabla hujarusha ndoano. Kinachotakiwa ni chombo kinachoshuka na mto polepole kuliko mto wenyewe, na kwa muda mrefu hakikuwapo: wavuvi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walihangaika na mashua nzito za mbao nene, ambazo zikishakamatwa na mkondo hazisikii la mtu.

Katika miaka ya 1920 Veltie Pruitt, aliyekuwa akiongoza wavuvi mtoni humo, alianza kuunda mashua nyepesi za mbao nyembamba. Baadaye karakana ya Torkel Kaarhus, seremala mzaliwa wa Norwei aliyehamia Eugene, ikaichukua kazi hiyo na kuinyoosha, na Woodie Hindman akajifunzia humo kabla ya kuunda zake. Kilichowafungulia njia ni plaiwudi. Ilikuwa imeshaonyeshwa mwaka 1905, kwenye maonyesho makubwa ya Portland, lakini gundi ya enzi zile haikustahimili maji. Mwaka 1934 mkemia James Nevin, huko Aberdeen katika jimbo jirani la Washington, akapata gundi isiyoshindwa na maji. Haikupita miaka mingi, ubavu mzima wa mashua ukawa kipande kimoja, bila ufa wa kukalafatiwa.

Ili uelewe umbo lile, mtazame kwanza mpiga makasia. Kwingineko anayevuta makasia huipa mgongo safari yake. Huyu amekaa katikati, uso kwenye omo, na omo inatazama mto unakokwenda. Anayaona mawe yakija. Akitaka kulikwepa jabali la kushoto halikimbii. Anaigeuza omo ilielekee jabali lenyewe kwa mshazari, kisha anavuta makasia kurudi nyuma, na mkondo unambeba kulia. Kila mvuto unapunguza mwendo badala ya kuuongeza, na abiria aliye mbele anapata nafasi ya kurusha ndoano yake pale penye maji yaliyopoa, tena akarusha mara ya pili.

Rudi sasa kwenye umbo. Kwa kuwa kitako kimepinda, sehemu iliyozama ni fupi, na mashua inageuka papo hapo kwa mguso mdogo wa kasia. Tezi iliyonyanyuka inauacha mkondo upite chini yake usiigonge mashua kwa nyuma. Ubavu uliolala nje unalirudisha wimbi lilikotoka, na chombo kikielemea upande mmoja, upande huo unapata maji mengi ya kuegemea. Hata kile kibao bapa cha nyuma kina sababu yake: Hindman aliunda mashua zenye ncha mbele na nyuma, kisha ncha moja ikakatwa ili pawe na mahali pa nanga na injini ndogo.

Na chombo hiki huundwa gerejini. Nilibahatika kumtazama mstaafu mmoja wa Springfield akiunda cha kwake, gari likilala nje msimu mzima wa mvua na mke wake akiingia mara kwa mara kuuliza kama kuna fundo lolote la kushikwa. Zana zake zingemshangaza fundi wa Lamu kwa uchache wa tezo: hakuwa nayo hata moja. Alikuwa na randa mbili, msumeno, drili, patasi, penseli nyingi, na vibano vya kila ukubwa vilivyotundikwa ukutani.

Karatasi ya plaiwudi ina urefu wa sentimita 244. Ubavu unadai karibu mita tano. Lazima uunge. Ukizikutanisha ncha na kupigilia kipande cha ubao nyuma yake, kiungo kinakuwa kigumu kuliko ubao wenyewe, na siku ya kupinda mstari utavunjika hapo hapo, kila mtu auone. Kwa hiyo ncha zinarandwa mshazari, mteremko wa mara nane ya unene: ubao wa milimita 6 unapata mteremko wa milimita 48, kisha miteremko miwili inalaliana.

Alipanga karatasi nne mezani, kila moja imerudi nyuma milimita 48 kutoka kwenye ile iliyo chini yake, zikawa ngazi. Randa ya umeme aliitumia kuondoa ngazi tu, akairudisha rafuni. Umeme, alisema, una haraka kuliko macho. Akashika ya mkono. Plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizogundishwa zikipishana mkao wa nyuzi, na kadiri mteremko unavyorandwa, tabaka zinajitokeza moja moja: mstari mweupe, mstari wa kahawia, mweupe tena, kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi. Mistari hiyo ndiyo rula. Ikinyooka na kulingana upana, mteremko umekaa sawa. Mmoja ukipinda, hapo pana bonde au kinundu, hata kama kiganja hakijakigundua. Alikuwa akipiga randa mara mbili, anasimama, anainama hadi jicho likawa usawa wa meza, kisha anaranda sehemu isiyozidi upana wa vidole vitatu. Saa nzima ilipita hivyo, redio ikiongea peke yake. Mimi nisiye fundi niliona mistari imenyooka mapema sana. Yeye hakuona.

Gundi nayo ina adabu yake. Epoksi ya kwanza hupakwa nyembamba, bila kijazio, kwa sababu ncha za nyuzi zinainywa. Ukiruka hatua hiyo kiungo kitanyonywa kikauke kwa ndani. Kisha inafuata nyingine iliyokolezwa kwa unga wa mbao. Vinapigwa vimisumari viwili vya kuzuia kuteleza, plastiki inatandikwa ili ubao usigande na meza, na vibano vinakazwa kiasi tu. Anayekaza kwa nguvu zake zote anaikamua gundi yote nje. Kesho yake, baada ya msasa, nilipitisha ukucha juu ya kiungo na haukukwama popote.

Sasa, ukizitazama mbavu mbili zimelazwa sakafuni zimeshakatwa, huwezi kubashiri mashua. Ni mbao ndefu ambazo kingo zake zimekaribia kunyooka. Tao la kitako liko wapi? Hapa ndipo ninapoivulia kofia akili ya watu wa McKenzie. Ukizungusha ubao ulionyooka kwenye mataruma, ile miti ya ndani inayoshikilia mbavu, yakiwa yamesimama wima, kingo zake zitabaki zimenyooka. Ukiuzungusha kwenye mataruma yaliyolala nje, ncha zake zitapanda zenyewe, ukingo wa juu na wa chini kwa pamoja. Hakuna aliyelikata tao. Limezaliwa na mlalo wa ubavu. Asiyeamini akate vipande viwili vya boksi, aviunge ncha kwa ncha, kisha avitanue katikati huku akivilaza nje. Anayetaka chombo cha kugeuka kwa wepesi zaidi hachori tao jipya, anabadilisha pembe za mataruma. Na akikosea pembe, hatalijua kosa mpaka ubao umeshazunguka.

Siku ya kupinda mbavu zilifungwa kwanza kwenye hanamu, mti wa omo uliochongwa pembe tatu, kwa gundi na skrubu za shaba zisizoshika kutu. Zikazungushwa kwenye mataruma ya katikati. Nyuma zilibaki zimeachana, wazi kama mita moja na ushei, na ubao haukuwa na hamu ya kukutana na mwenzake. Kamba ikapitishwa kwenye ncha zote mbili, kijiti kikatiwa katikati ya kamba, na kila kilipozungushwa ncha zilisogeleana upana wa kidole. Ubao ulilia. Ukilia, mzee aliachia kijiti, akatandika taulo la maji ya moto mahali palipokaza, akaenda kunywa kahawa. Akirudi, anazungusha tena. Kila baada ya mizunguko michache alipima kutoka hanamu hadi kona ya kulia, kisha hadi ya kushoto. Vipimo viwili vikianza kutofautiana, chombo kimeanza kupotoka, na mashua iliyopotoka itamvuta mpiga makasia upande mmoja maisha yake yote. Kilichonivutia si nguvu iliyotumika, maana ilikuwa ndogo. Ni zile dakika za kahawa. Nyuzi za mbao zinahitaji muda wa kuhamia mkao mpya, na hakuna kifaa cha kuufupisha.

Mataruma yalikuwa ya Port Orford cedar, mti unaoota kwenye ukanda mwembamba wa kusini mwa Oregon na kaskazini mwa California. Ukikatwa unanukia tangawizi, gereji nzima, na kuvu wa kuozesha mbao hawauwezi kwa urahisi. Siku hizi haupatikani ovyo; ugonjwa wa mizizi umeua mingi. Plaiwudi nayo ilikuwa na safari ndefu zaidi, kwani ilikuwa ya okume, na okume ni mti wa misitu ya Gabon na majirani zake. Ni mwepesi, unapinda bila kupasuka, na waunda mashua wa Ulaya na Marekani wanauamini. Gabon ilipiga marufuku kusafirisha magogo yake ghafi mwaka 2010 ili kazi ya kuyapasua ifanyike nyumbani. Kwa hiyo yule trauti wa Oregon anavuliwa juu ya mti wa Afrika ya Kati, jambo ambalo sikulisikia likitajwa na mvuvi yeyote.

Umbo hili limefika mbali na kwao. Katika miaka ya 1960 Martin Litton, mpiganiaji maarufu wa mazingira, alianza kulipeleka kwenye Grand Canyon, mashua zikiwa zimefunikwa juu, na akazipa majina ya mahali palipoharibiwa na binadamu. Mojawapo, Emerald Mile, ilishuka kilomita 446 za bonde hilo mwezi Juni 1983, Mto Colorado ukiwa umefurika, kwa saa 36 na dakika 38. Ilipinduka njiani, kwenye maporomoko ya Crystal. Watu wake watatu wakaigeuza wakaendelea.

Siku hizi wengi wanaounda nyumbani hawaweki mataruma kabisa. Wanatoboa kingo za mbao, wanazishona kwa waya wa shaba, wanaziba viungo kwa epoksi na kitambaa cha nyuzi za kioo, kisha wanauchomoa waya. Msomaji wa pwani atakumbuka mtepe mara moja, ila ule ulishonwa kwa kamba za usumba na uzi ukabaki humo kazini. Mashua ya kushonwa namna hii ni nyepesi, inafagilika, na anayeunda kwa mara ya kwanza atafika mtoni mapema zaidi. Sina la kuipinga. Za alumini pia zimejaa mtoni, zinastahimili mawe na hazidai vanishi, ingawa ikigusa jiwe moja tu kila trauti wa karibu anapata habari. Bado nikiambiwa nichague, nachagua yenye mataruma, kwa sababu ukikaa ndani yake unaiona hesabu yote imeachwa wazi: pembe hii ndiyo iliyozaa tao lile.

Mataruma yana gharama yake, na inalipwa kila mwaka. Mchanga na majani hukwama kila taruma linapokutana na kitako, unyevu unakaa hapo, na maji ya mto ni adui mbaya kuliko ya bahari, kwani chumvi huwazuia kuvu na maji baridi huwaalika. Ndiyo maana kabla kitako hakijapigiliwa mzee alikata kitundu chini ya kila taruma, upande huu na huu, maji yapite kutoka omo hadi tezi. Vitundu alivipaka epoksi mara tatu kwa brashi ya kuchorea, maana uozo huanzia kwenye nyuzi zilizokatwa. Mashua ikirudi kutoka mtoni, kizibo cha nyuma kinatolewa, omo ya trela inainuliwa juu ya tofali, na waya mwembamba unapitishwa kwenye vitundu kimoja kimoja kuondoa mchanga kabla haujakauka.