Siasa ni Kilimo: Kosa Lilikuwa Wapi?

Azimio la Iringa la mwaka 1972 lilisema kweli: kilimo ndiyo siasa yetu. Tulikosea katika utekelezaji. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mazao yakakabidhiwa mashirika ya umma. Mkulima wa kahawa wa Tarime na wa pamba wa Serengeti wakawa watazamaji wa jasho lao wenyewe. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini sheria haizai imani. Makada tujikosoe. Mtama, ulezi na muhogo hulisha kaya kupitia magulio ya vijijini. Hayo tuyajengee maghala na barabara. Tukiendelea kuhutubia tu, mahindi yatafuata bei ng'ambo ya Sirari, na mkulima hatakuwa na kosa.