Kitereza na Adabu ya Kubisha Hodi kwa Mzee

Riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, ingawa mswada wake wa Kikerewe ulikamilika tangu 1945. Aghalabu husomwa kama ghala la mila za Ukerewe. Sisi wa Butimba, tunaotazamana na kisiwa hicho kwa maji ya Ziwa Viktoria, tunaiona pia kuwa somo kwa maafisa ustawi wa jamii.

Mume na mke katika kisa hiki wamekosa mtoto, nao wanamwendea mganga Kibuguma. Kitereza alikuwa Mkatoliki aliyesomeshwa misheni; angeweza kuwakejeli. Hakufanya hivyo. Anasimulia dawa, matambiko na maamkizi kwa utulivu wa mtu aliyeketi akasikiliza. Wako wasomaji wanaolalamika kwamba maelezo hayo yanachelewesha kisa. Ni kweli, yanachelewesha. Lakini kuchelewa huko ndiko kunakompasa mgeni wa mzee.

Afisa mwenye haraka hujaza fomu: umri, maradhi, wategemezi. Mzee akitaja mizimu ya baba zake, swala yake au tasbihi yake, afisa huandika "imani potofu", au haandiki kitu. Tangu hapo mzee hufunga mdomo. Dawa za hospitali atazipokea kwa mikono miwili, kisha atazificha uvunguni, wala hatasema ni kwa nini. Aliyeulizwa kwa heshima husema, na hapo ndipo shauri linapoanza.

Hata hivyo, heshima si kuitikia kila neno. Katika nchi ya Wasukuma vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoungua kwa moshi wa jikoni. Ramli inayomtaja mtu ili afe haistahili heshima. Anayetuhumiwa ndiye anayestahili ulinzi. Kosa ni kuliweka tambiko la kuomba mvua fungu moja na ramli ya kuua.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua wazee kuwa rasilimali ya taifa. Rasilimali hiyo haipatikani iwapo imani ya mzee inaachwa mlangoni. Kitereza, aliyefariki mwaka 1981 akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, hana budi kusomwa katika vyuo vya ustawi wa jamii, kwani alijua kuketi kwanza, ndipo aulize.